Kidonge cha Siku ya Matanga

Mama Kabedi alikuwa mtu wa kushika neno. Tangu mwaka 1981, alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, hakuruka kidonge hata siku moja. Sokoni Manika, alikouza mikate, aliwachosha watu kwa mahubiri: sukari ni sumu, sukari itaniua. Watu walimcheka, lakini walimsikia.

Kaka yake Kazadi alipofariki, alfajiri ya siku ya pili ya matanga, kabla ya maziko, Kabedi alimeza kidonge chake kwa maji kama kawaida. Kilichokosekana ni chakula. Kwa desturi yao, dada wa marehemu ndiye mlinzi wa mjane, na Kabedi alikuwa ametoa amri mbele ya wanawake wote: Mbelu, mke wa marehemu, asiinuke mkekani wala asile kitu mpaka maziko. Ili asisemwe, yeye mwenyewe akafunga kinywa vilevile. Na tuseme ukweli, hakuwahi kumpenda yule wifi.

Siku ile ya kwanza ya kupewa dawa, Mbelu ndiye aliyemsindikiza zahanati. Mwuguzi Ngeleka aliwaambia wote wawili: kidonge kila siku, pamoja na chakula, siku usiyokula usikimeze, njoo uniulize kwanza, ukitetemeka na kutoka jasho, tia sukari kinywani upesi. Kabedi alishika la "kila siku", mengine akayaacha mlangoni.

Saa sita mchana mikono ilianza kumtetemeka. Jasho likamlowesha kitambaa cha kichwa. Wanawake wakanong'ona kwamba kaka yake anamwita. Moyo ulimdunda kwa woga, na maneno ya Ngeleka yakamrudia vipandevipande.

"Munipatie sukari," alisema, ulimi mzito.

"Aah, mama! Si weye mwenyewe unasemaka sukari itakuua?" Agnès, mwenzake wa sokoni, alilifunika kopo la sukari ya chai kwa mikono miwili.

Akaomba tena. Wakaanza kumwombea Mungu. Kopo lilikuwa hatua tatu tu, lakini miguu ilikataa. Hapo Kabedi alijua anakufa, tena kwa mahubiri yake mwenyewe.

Mbelu akainuka mkekani. Mayowe yakapasuka: mjane anasimama! Alimnyang'anya Agnès kopo, akakoroga vijiko vinne katika kikombe cha maji, akamwinua wifi yake kichwa.

"Kunywa, mama. Mufu moya anatosha mu hii nyumba."

Kabedi akanywa kidogo kidogo mpaka kikombe kikaisha. Ngeleka, aliyekwenda kuitwa mtaa wa pili, alipofika, mtetemeko ulikuwa umepungua. Aliposikia habari yote alikasirika waziwazi.

"Akule sasa hivi, kisha tunamupeleka hospitali, bamuchunge mpaka kesho. Hii dawa ingali inatumika mu mwili. Sukari inaweza kushuka tena."

Uji ukaletwa. Wanawake wa ukoo walikuwa wamemzunguka Mbelu, wakingoja Kabedi aseme adhabu yake. Kabedi alimtazama: midomo imekauka, siku mbili hajatia kitu tumboni, vidoleni bado chembe za sukari.

Akausukuma uji pembeni.

"Mulete bakuli ingine," alisema. "Mbelu asipokula, na mi sikuli."