Nilimkana Mgeni Aliyekaa Eda Kwangu

(Jina la msomaji huyu tumelihifadhi, na la mgeni wake tumelibadilisha.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mngazija mzaliwa wa Unguja, niliyeolewa huku Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Gazeti hili hunifikia kwa mkono wa wafanyabiashara, mara nyingine limeshafungiwa viungo, nami hulisoma hivyo hivyo. Sikudhani ningekuja kuliandikia aibu yangu.

Baada ya mapinduzi ya Unguja alinijia Salma, niliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni. Mumewe alikuwa ameuawa, naye amekimbia na nguo alizovaa. Nikampa chumba cha ndani akae eda. Kama mjuavyo, mjane hatoki ovyo wala hagusi manukato mpaka eda ya miezi minne na siku kumi iishe. Sasa mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya langilangi, na akirudi jioni ananukia kuliko bibi harusi. Nikawa namvua shati mlangoni na kulianika uani. Alinung'unika kuwa mgeni amekuwa mwenye nyumba na yeye ndiye mgeni. Tulicheka sana siku zile.

Eda ilipokwisha, Salma alikwenda ofisi ya serikali Andoany, mji wa kisiwa chetu, kuomba hifadhi. Afisa akamuuliza, kama kweli aliogopa kuuawa, mbona alikaa miezi yote hiyo bila kujitokeza? Akaeleza habari ya eda, akataja nyumba yangu. Nikaitwa.

Kumlaza mgeni asiye na karatasi bila kuwaarifu polisi ni kosa, na tangu nchi hii ipate uhuru karatasi zetu wenyewe bado zinachunguzwa. Mume wangu aliniambia, "Sema amekuja juzi juzi. Ukisema kweli tutafungasha sote."

Nikasema hivyo. Nikasema Salma alifika kwangu wiki iliyopita, na mambo ya eda siyajui. Mimi, binti wa mwalimu wa chuo, nasema eda siijui. Afisa akaandika kwamba maneno ya Salma hayaaminiki, ombi likakataliwa.

Salma akapata wakili, shauri likaenda kwa hakimu Mahajanga, ng'ambo kwenye kisiwa kikubwa. Nilimfuata huko nikijidanganya kuwa hakimu atamsikiliza upya na atauona ukweli usoni mwake. Wakili akanikalisha kwenye benchi nje ya korti, akasema kwa Kifaransa cha taratibu ili nielewe.

"Hakimu haulizi kama Salma anasema kweli. Anauliza kama waliomwita mwongo walikuwa na sababu. Na sababu yao, bibi, ni wewe."

Akaniambia nikiyafuta maneno yangu kabla ya hukumu, hakimu anaweza kuamuru ombi lichunguzwe upya. Nisipoyafuta, Salma atarudishwa alikotoka. Kumbe wakili alikwisha kumwomba Salma aseme waziwazi kuwa nilidanganya, akakataa.

Salma akanikuta pale pale kwenye benchi. Akaniamkia, akauliza hali ya mume wangu na watoto. Nilikosa pa kuweka uso. Nikamuuliza kwa nini ananihifadhi. Akajibu, "Ulinistiri katika eda yangu, dada. Siwezi kuwa mimi wa kukutoa nyumbani kwako."

Nimerudi Nosy Be. Mume wangu anasema maji yakimwagika hayazoleki. Si mtu mbaya, ana watoto watatu na anaogopa kama mimi. Juzi aliporudi kazini nilijikuta namvua shati mlangoni kama zamani. Akaniuliza ninalianika uani kwa ajili ya nani, na chumba cha ndani hakina mtu. Nililia mbele ya wanangu.

Nikisema kweli, huenda wakafukuzwa hawa watoto waliozaliwa hapa. Nikinyamaza, nimemkabidhi Salma kwa waliomuua mumewe, na yeye hata kunilaumu hataki. Hukumu itasomwa baada ya Ramadhani. Nishaurini, ndugu zangu, nifunge safari ya Mahajanga? Na mkinijibu, msinihurumie. Salma amekwisha kunihurumia, na huruma yake ndiyo inayoniua.