Siku Nilisoma Jina, Nikaacha Numero

Hii haiko mambo ya kusimulia mbele ya bakwe, lakini juu munaniuliza kila siku kwa nini bamama ba soko bananiita "Madame Visa", acha niiseme mimi mwenyewe, niimalize, mutu asiniongezee chumvi, juu ile yenye iko ndani inatosha.

Jina yangu ni Masika Espérance. Kwetu Banande, binti wa kwanza karibu mu kila nyumba ni Masika, donc ukisimama katikati ya soko ya Butembo uite "Masika!", bichwa kumi bitageuka (mumesha anza kuona kwenye hii mambo inaenda). Bwana yangu naye ni Kambale, na ba-Kambale beko wengi sawa mahindi. Tulioana Butembo, mbele ya état civil ya serikali na mbele ya Mungu, kisha yeye akaenda Poto, njo vile tunaitaka Ulaya, akapata kazi na makaratasi, akaniombea visa ya muke. Ile dossier ilikuwa imesha maliza myaka miwili ikizunguka. Kambale alinielezaka ku telefone, polepole, sawa mwalimu wa primaire: dossier inaingia mu bureau moja, inapewa numero, inangojea, kama ile bureau imejaa, banaituma ku ingine yenye kuangalia inchi zetu, kule tena inangojea mpaka ipewe agent, mutu mumoja mwenye kuisoma toka mwanzo mpaka mwisho, na ule agent njo anaweza kuomba karatasi ingine, ao kukuita.

"Masika," alisema, "kule jina yako habaijue. Banajua numero tu."

Nikaitikia "ndio, ndio," huku napimia mutu kikwembe, bile bitenge ninauzishaka ku soko.

Mwenye kutujazia ma formulaire ni Déo, wa ku cyber karibu na soko. Déo ni mutu mwema, mais alikuwa anachoka kufungulia kila mutu adresse yake ya email, basi batu bake bote alibawekea moja tu, ya kwake. Barua ikifika, anaitosha ku machine ya kuchapa, anaangalia jina, anamuita mwenye jina. Siku ya pili ya juma moja, ile Jumanne, akaniita: "Mama Masika, kuya mbio! Bamekuita!" Nilikimbia na sandali moja ikikatika njiani. Karatasi ilikuwa inasema Masika Espérance, muke wa Kambale, afike ku bureau ya visa ya Kampala siku ya ine ya juma yenye kufuata, na pasiporti yake, bamuulize maulizo, bamukamate alama za bidole. Juu kabisa kulikuwa numero ndefu, sikuisoma. Chini ya jina kulikuwa tarehe na fasi ya kuzaliwa, nayo sikuisoma, juu macho ilikuwa imejaa machozi, na tena, mutu gani anasomaka fasi kwenye alizaliwa? Si anaijua?

Pale njo nilikata ile shauri kadogo, kadogo kabisa: sitamuambia Kambale. Nitamufanyia surprise. Nitamupigia nikiwa mbele ya ile bureau ya Kampala, nimuambie, "Papa, tandika kitanda."

Bwana sikumuambia, lakini wifi yangu nilimuambia. Wifi akaambia chorale ya kanisa yetu. Chorale ikasema haiwezekani Masika aende sawa mwizi, bakakata kikwembe ya rangi moja, bakapika, bakaita majirani, na mimi nikasimama katikati nikatoa discours (ndiyo, discours, na kilemba juu) nikawaaga batu ba Butembo sawa mutu mwenye hatakanyaga tena matope yao. Godoro yangu nikaipa jirani. Meza yangu ya soko nikaipa Kavira, ule mwenye tulikuwa tunanyanganyana naye baclients myaka yote, nikamuambia na kiburi: "Kamata tu, mama. Mimi sitarudia." Aliniangalia, akasema "Wasingya," aksanti ya kwetu.

Siku ya posho, ile Jumamosi, nikashuka Beni na valizi, nilale kwa shangazi yangu mu kata ya Beu, halafu siku ya kwanza asubui nikamate gari ya Kasindi, nivuke mupaka wa Uganda. Lakini katikati kulikuwa siku ya Mungu, na shangazi yangu hawezi kuwa na habari muzuri akaacha kuipeleka kanisani. Pasteur akaniita mbele. Nikatoa ushuhuda. Nikainua ile karatasi juu, batu bakapiga vigelegele, na Pasteur, roho yake imefurahi, akasema: "Bwana yake iko mbali, mais leo ataabudu pamoja na siye. Dada, mupigie, weka haut-parleur, siye bote tusikie!"

Ningesema hapana. Ningesema batterie imekufa. Lakini mutu mwenye batu banamupigia mikono anakuwaka mujinga kidogo, nikapiga, Pasteur akasogeza micro karibu na telefone.

"Allô, Masika? Kelele ni ya nini? Uko wapi?"

"Niko Beni, kanisani! Papa, niko njiani nakuya! Bamenipa convocation, barua ya kuniita!"

"Amina!" kanisa ikalia.

Kambale alingojea kelele ipungue. Kisha akauliza: "Convocation gani?"

"Ya visa. Kampala, siku ya ine."

"Masika, hapana. Dossier yetu imetumwa ku ile bureau ingine juma hii tu. Haiyapewa ata agent. Nimeiangalia leo asubui. Nisomee numero."

Pasteur alifikiri bado tuko mu ushuhuda, hakuondoa micro. Nikasoma ile numero, chiffre kwa chiffre, mbele ya kanisa yote, na mwenye kupiga kinanda, mwenye alikuwa anatufuata polepole na wimbo, akaacha.

"Hiyo haiko ya kwetu," Kambale akasema, na sauti yake ikatoka mu ma-baffle, zile spika za kanisa, yote mbili. "Ni ya mutu mwengine. Angalia kwenye alizaliwa."

Nikaangalia. "Mbau," nikasema.

Mimi nilizaliwa Butembo. Mbau napitaka tu njiani, nikienda Oicha.

Mutu mumoja akacheka, kisha benchi yake, kisha kanisa yote, shangazi akafunika uso na Biblia, na mimi nikabaki pale mbele na kikwembe yangu ya sikukuu, nikitafuta mulango na macho. Lakini Kambale hakucheka. Alisema neno moja, na ile neno njo ilikata kicheko:

"Masika, ule mama wa Mbau anajua kama bamemuita?"

Shangazi akashusha Biblia.

"Asipofika," Kambale akasema, "bataandika kama hakufika. Banaweza kufunga dossier yake, aanze upya. Mutafute. Leo."

Nikapigia Déo: telefone imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Pasteur, sasa yeye pia jasho inamutoka, akauliza kanisa kama kuko mutu anajua Masika Espérance wa Mbau. Mu Beni batu ba Mbau beko wengi, balikimbia vita, benyi kurudia balirudia, bengine balibaki. Mama shemasi mumoja akasema anajua mumoja, anauza makala ya kupikia nyuma ya soko. Tukaenda na miguu, mimi, shangazi, shemasi, na nusu ya chorale nyuma yetu juu hawakutaka kukosa mwisho. Tulimukuta ule mama anafunga magunia. Nilipotaja Poto na Kambale, akasimama, akapanguza mikono ku kikwembe, akasema polepole, "Bwana yangu aliitwa Kambale. Lakini alikufa." Sijui kama munajua vile mutu anasikia akiona ameamusha tumaini ya mufiwa bure, mu siku moja yenye tayari amesha jiaibisha. Nilimuomba musamaha mara tatu. Yeye mwenyewe njo alituhurumia: "Labda munatafuta ule anakaa kwa shemeji yake, kule chini. Lakini jana alienda Mbau kuvuna maharagi."

Shemeji alituonesha mulango umefungwa. Ndiyo, alienda. Telefone yake kule haipate réseau. Atarudia kesho, ao siku ya pili, kama njia iko muzuri. Shemasi alitaka kwenda na pikipiki, shemeji akakataa: sasa hivi batu habapite ile njia peke yao, juu usalama hakuna. Basi tukangojea. Siku ya kwanza asubui gari ya Kasindi ikaondoka bila mimi, na mimi nikaikala ku kizingiti ya ule mama tangu jua inatoka, karatasi ndani ya sachet, sachet ndani ya mikono, nikihesabu: kesho siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine. Mutoto wake wa kike, wa myaka ine, akakuya kunikalia karibu, akaniuliza kama mimi ni tante yake. Nikamuuliza papa yake iko wapi. Akaonesha telefone ya shemeji.

Ule mama alifika saa tisa, na mufuko ya maharagi ku kichwa. Mwenye kukonda, mutulivu, karibu umuri yangu. Nikasema kila kitu kwa pumzi moja. Alishusha mufuko, akaingia ndani, akarudia na kakaratasi kenye kukunjwa, numero imeandikwa na bic, akaweka kidole ku yangu na kidole ku yake, akazilinganisha moja moja mpaka mwisho.

"Njo yangu," akasema. "Ilifika lini?"

"Siku ya pili, juma yenye imepita."

"Kila siku nilipigia Déo. Aliniambia hakuna kitu." Akakunja karatasi. "Mushona nguo wangu anatokaka Butembo. Aliniambia kuko mama kule banamufanyia sikukuu, anaenda ku bwana yake. Nikasema mu roho: Mungu amubariki, labda siku moja na mimi."

Angenitukana, ningelala vizuri.

Pasiporti alikuwa nayo, ndani ya sanduku, haiyagongwa ata muhuri moja. Nilimupa fasi yangu, yenye balisogeza ku gari ya siku ya pili, valizi yangu, na koti ya baridi yenye nilikuwa nimejinunulia, ilimupwaya mabega. Asubui alipanda bila kuniaga. Siku ya ine sikula kitu mpaka telefone ikalia saa nane.

"Mama Masika. Balinipokea. Nilikuwa wa mwisho mu mustari." Nikasikia magari ya Kampala nyuma yake. "Agent aliniuliza kama nilichelewa kupata barua. Nilimuambia ilipita kwanza kwa ndugu."

Nililia mbele ya shangazi bila haya.

Butembo nilirudia mu Dyna, gari ya mizigo, nimejifunika kichwa, na bado balinijua toka rond-point ya kuingilia muji. Kambale alinikasirikia siku mbili, ya tatu akacheka mpaka akakohoa. Déo sasa anaweka kila mutu adresse yake, na mbele ya kuita mutu anauliza fasi ya kuzaliwa, bazee banashangaa. Godoro jirani alinirudishia, imekojolewa na kuoshwa. Na Kavira, nilipofika mbele ya meza, alisukuma bikwembe byake upande moja, akasema, "Ikala. Baclients bako bananiuliza uko wapi."

Mimi nimesha kula kiapo. Dossier yetu ilipata agent mwezi huu, Kambale aliniambia ku telefone, mulango umefungwa, na mumekuwa ba kwanza kusikia, juu nilikuwa sijaambia ata wifi. Siku bataniita kwa kweli, hakuna chorale, hakuna discours, hakuna kilemba. Batu ba Butembo batajua nimeondoka siku batafika ku meza, bamukute Kavira peke yake, na yeye mwenyewe nitakuwa nimemuambia asubui ile ile, ku sikio.