Dohani ya Shubiri Ishirini na Mbili

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa sita, mwaka jana, dohani ya nyumba yangu ilianguka. Ilianguka asubuhi, mimi nikiwa zizini, na kishindo chake nilidhani ni lori la shamba la kahawa linamwaga mawe barabarani. Niliporudi nilikuta matofali yaliyovunjika yamejaa sebuleni hadi chini ya meza, masizi yametua juu ya kila kitu, na kuku wangu mweupe amekuwa mweusi. Hakuumia. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nalisema hilo mapema kwa sababu dohani ile ilikuwa yake. Mimi nilikuja Oldeani kutoka Singida kuchuma kahawa, nikiwa kijana nisiyejua baridi ni kitu gani. Yeye alikuwa Mwiraqw wa huku huku, mtoto wa watu ambao zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa mlima ili upepo uwapite juu. Tulipojenga yetu, matofali niliyabeba mimi, lakini vipimo vyote alivitoa yeye kwa shubiri zake, kiganja wazi, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole kidogo. Meko aliyaweka kwenye ukuta unaogawa sebule na chumba cha kulala, moto mmoja ukapasha pande mbili. Juu, karibu na dari, aliacha kimlango cha bati kinachoingia kwenye dohani. Mwezi wa saba kinafungwa. Mwezi wa pili, paa likichemka kwa jua, kinafunguliwa, na joto la ndani linavutwa juu na kutoka. Majirani walimcheka kwamba amejenga dohani yenye dirisha. Baadaye walianza kuja kukaa kwetu mchana wa jua kali, na hawakulitaja tena hilo dirisha.

Binti yetu anafanya kazi kwenye loji moja ya watalii Karatu mjini. Alipiga simu jioni ileile.

"Baba, njoo ukae kwangu. Chumba kipo."

"Na ng'ombe?"

"Utauza."

"Na kuku?"

"Baba!"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwezi wa saba huku ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga, na kifua changu si kile cha zamani. Tukakubaliana hivi: nilikuwa na dume mmoja wa kuuza, na mnadani angeleta kama laki nane. Kama gharama ya kurudisha joto ndani ya nyumba ingetosha ndani ya bei ya dume, ningebaki. Ikizidi, ningehamia mjini kabla mwezi wa saba haujaisha. Yeye hakuwa na cha kuongeza, ana watoto wanasoma. Nikasema sawa, na mimi nikishasema sawa ni sawa.

Kwanza alimleta mtu anayehudumia viyoyozi pale kazini kwake. Alikuja na viatu visafi, akapima chumba kwa kifaa kinachotoa mwanga mwekundu.

"Mzee, hapa ni mashine moja tu ukutani. Wakati wa baridi inapasha, wakati wa joto inapoza."

"Inakula nini?"

"Umeme."

Nikamwashia taa. Aliiangalia taa yangu kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

"Taa hii na pasi vinafanya kazi pamoja?"

"Hapana. Vinapeana zamu."

Akacheka hadi akakaa. Halafu akanikadiria kwa uaminifu, mashine na nyaya mpya: milioni mbili na nusu.

"Hao ni madume watatu," nikasema.

"Watatu na ndama, mzee." Akanywa chai yake, akaniambia kama angekuwa yeye angejenga dohani.

Basi nikamwita fundi mwashi, jirani yangu, ambaye enzi za shambani alikuwa akibeba magunia mawili ya kahawa kwa mkupuo. Yeye hana kifaa cha mwanga. Ana kamba, timazi na mkono.

"Marehemu alitoa vipimo gani?"

Hivyo nilivijua kama ninavyolijua jina langu. "Ndani shubiri tatu kwa mbili. Kwenda juu, shubiri ishirini na mbili."

Akatandaza kiganja chake sakafuni, akapima, akahesabu, akaandika kwa mkaa juu ya kipande cha bati. Matofali mia tisa, saruji mifuko tisa, mchanga, bati, ufundi.

"Na hiki kitundu cha juu tukikiziba tunapunguza kidogo."

"Hicho hakizibwi."

Akajumlisha. Laki tisa na hamsini.

Fundi akainama karibu yangu ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mzee, binti akija tumwambie laki nane. Inayobaki utanilipa polepole, hata kwa maziwa."

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Lakini nilimwambia sikuwahi kumdanganya mama yake binti, na sitaanza na mtoto. Usiku ule niliondoa vitu vyote kabatini, nikaanza kuchagua nguo za kwenda nazo mjini. Hazikuwa nyingi.

Jumamosi binti alifika na begi tupu kubwa. Fundi akamwonyesha bati lenye hesabu, na kwa kuwa ni mtu wa haki, akaanza kupima upya mbele yake ili asidhani anaibiwa. Alipotandaza kiganja, binti akaangua kicheko.

"Kaka, huo ni mkono au sinia?"

"Dada, huu mkono umejenga nusu ya Oldeani."

Binti akachuchumaa, akaweka mkono wake sakafuni kando ya ule wa fundi, kwa utani tu, kulinganisha. Na mimi nikauona mkono ule. Kidole gumba kimepinda kidogo kwa nje, kidole kidogo ni kifupi. Nililala kando ya mkono huo miaka thelathini na nne.

Nikachuchumaa na mimi kando yao. Halafu nikasema, "Shubiri tatu kwa mbili zilikuwa za mkono wa mama yako."

Fundi akautazama mkono wake kama amekabidhiwa leo.

"Mzee, mimi nikisikia shubiri, najua ni hii. Sijawahi kujiuliza ya nani."

Lakini hakukubali kirahisi. Akauliza kama kuna kitu kingine marehemu alikipima. Nikamwonyesha dirisha la chumbani: shubiri nne kamili, alilipima mbele yangu. Fundi akalipima kwa mkono wake, ikawa tatu na kidole. Akamwita binti.

"Pima wewe. Kucha zisihesabiwe!"

"Kucha zangu zina kosa gani?"

"Za mama yako hazikuwa na rangi wala urefu huo. Kunja."

Akapima kwa ncha za vidole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole kikagusa ubao wa dirisha pale pale.

Wakarudi sebuleni, binti akapima, fundi akaandika. Matofali mia tano na hamsini. Saruji mifuko sita. Mchanga ukapungua, na siku za kazi zikapungua. Kimlango cha juu kikabaki. Jumla: laki saba na elfu ishirini. Binti akaichukua hesabu ile akairudia kwenye simu mara mbili, na nilijua anatafuta kosa. Hakulipata. Akaliangalia begi lake, kisha akalijaza mahindi na maharage ya kupeleka mjini.

Dume aliuzwa laki saba na tisini. Fundi alijenga siku sita, na kila asubuhi aliuliza, "Shubiri ya nani leo?" Alikuwa amekata kijiti chenye urefu wa mkono wa binti, akakitumia kwa kila kitu.

Tuliwasha moto Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, ukungu umefunga hadi mlangoni. Moshi wa kwanza ulitujia sote usoni, fundi akakohoa akisingizia tofali mbichi, kisha ukaipata njia ukapanda. Binti alikuwa amekuja na koti la kazini. Baada ya muda akalivua. Baadaye akavua na sweta.

"Baba, fungua kule juu," akasema. "Tunaungua."

Nikapanda kwenye kigoda, nikakifungua kimlango.