Mate ya Sajini

Harufu ya farasi aliyetoka kazini haifanani na ya ng'ombe wala ya punda. Ina utamu fulani, kama nyasi kavu zilizonyeshewa kisha zikaanikwa juani, na ndani yake mna jasho, ngozi ya tandiko na vumbi jekundu. Nilikua nikiivuta harufu hiyo kila jioni, maana baba yangu alikuwa mpanda farasi katika ranchi moja ya ng'ombe upande wa Malili, huko Ukambani, na nyumba yetu ya mabati ilipakana na banda la farasi. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Mzungu aliyekuwa na ranchi alikuwa ameuza na kwenda zake, na wanachama wa ushirika walioinunua walitaka ng'ombe. Farasi waliwaona mzigo tu. Wengine waliuzwa, wengine wakafa kwa ule ugonjwa unaokuja na mvua, unaovimbisha macho na kutoa povu puani, mpaka akabaki mmoja, Sajini, farasi wa kahawia mwenye baka jeupe usoni. Meneja alimwacha kwa sababu hakukuwa na gari lililoweza kuvuka makorongo kukagua ua wa ranchi. Baba ndiye aliyepewa amtunze, na alimtunza kama mtu aliyekabidhiwa yatima.

Mimi nilikuwa kifungua mimba, na kwa kuwa nilipewa jina la nyanya yangu, baba hakuniita Mwende. Aliniita Mwaitu, yaani mama, kama ilivyo desturi ya Wakamba. "Mwaitu, lete chuma," angesema, nami ningeleta kile chuma kilichopinda cha kuchokolea kwato. Alinifundisha kumshika Sajini mguu bila kusimama nyuma yake, kumtoa kupe masikioni na chini ya mkia, kumpapasa mashimo ya juu ya macho asubuhi ili nijue kama yamejaa, dalili ya ule ugonjwa wa mvua, na kulaza sikio ubavuni nisikie tumbo likinguruma. "Tumbo la farasi likinyamaza," alisema, "ujue hatari iko karibu." Siku nyingine alinipandisha bila tandiko na kutuongoza polepole hadi kwenye birika la maji. Huko juu niliona Ukambani kote, vilima vya Mbooni kule mbali na lori za Mombasa zikitambaa kama siafu. Mama hakupenda mambo hayo. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, mtu wa shamba na mbuzi, na alisema ng'ombe hutoa maziwa na punda hubeba maji, lakini farasi kazi yake ni kumla mtu muda. Hata hivyo, nilimwona zaidi ya mara moja akimpa Sajini maganda ya viazi alipodhani hakuna anayetazama.

Kisha kikaja kiangazi kikali. Mabwawa yalikauka, wanyama wa porini wakasogea karibu na boma, na mbwa wasio na wenyewe wakawa wanazurura kutoka kituo kimoja cha barabarani hadi kingine. Asubuhi moja Sajini alikuwa amefungwa nje akila nyasi, nami nilikuwa nikifagia uwanja, mbwa mwembamba wa rangi ya majivu alipokuja akitembea upande upande kama mlevi. Hakubweka. Alipita karibu nami bila kunitazama, akaenda moja kwa moja hadi kwa farasi na kumrukia mdomoni. Sajini alipiga kelele ambayo sikuwahi kusikia farasi akipiga. Baba alitoka na rungu, lakini mbwa alikuwa ameshaachia, akaingia vichakani na hatukumwona tena. Jeraha lilikuwa dogo, tundu mbili kwenye mdomo wa juu. Baba aliliosha kwa sabuni ya kipande na maji ya chumvi, akaenda kumwarifu meneja. Meneja alisema labda mbwa yule alikuwa na njaa tu. Wiki zikapita, kidonda kikafunga, nywele zikaota juu yake. Mama aliacha kuuliza. Baba naye aliendelea kulitazama kovu lile kila asubuhi kabla ya kumtia Sajini hatamu, na hakusema anatafuta nini.

Kisha siku moja, jua lilipokuwa linachomoza, tulimkuta Sajini amesimama kando ya ndoo bila kunywa. Alikuwa amenyoosha shingo, mate yakimtoka kama kamba, na kila alipojaribu kumeza koo lilimkataa. Mdomo alikuwa ameusugua kwenye nguzo mpaka kovu likafunguka. Baba alipapasa koo lake, akaninong'oneza, "Amekwamwa na gunzi la mahindi. Mshike kichwa, Mwaitu." Nilishika kamba ya kichwani kwa mikono miwili. Jana yake nilikuwa nimekata matawi ya miiba ya kuzibia zizi la ndama, na mikono yangu ilikuwa imechanika kila mahali. Baba alikunja mkono wa shati, akavuta ulimi pembeni na kuingiza mkono hadi karibu na kiwiko. Alitafuta sana. Mate yalimwagika juu yake, yakamwagika juu yangu, ya moto na ya kunata. Alipoutoa mkono, ulikuwa umekwaruzwa na meno. Hakuwa ameshika kitu. "Hakuna gunzi," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Kabla ya saa sita mchana Sajini hakuwa Sajini tena. Alianza kuuma nguzo za banda, akaziuma mpaka meno yakavunjika, na damu ikachanganyika na mate. Alijiuma kifuani. Aliposikia sauti ya baba, sauti aliyokuwa akiifuata kila siku, alikuja mbio na kuugonga mlango kwa kifua mpaka misumari ikalegea. Kwa bahati daktari wa mifugo wa wilaya alikuwa ranchini siku hiyo akiwachanja ng'ombe. Alikuja, lakini hakuingia. Alisimama mbali, akamtazama yule farasi kwa muda, kisha akageuka na kuuliza taratibu, "Nani ameweka mkono mdomoni mwake?"

Watu waliokusanyika walitazamana. Baba aliinua mkono kama mwanafunzi darasani. Mimi nikainua wangu. Mama alikuwa amesimama nyuma na mdogo wangu mgongoni. Nilimsikia akisema, "Ngai wakwa," yaani Mungu wangu, kisha akakaa chini pale pale vumbini.

"Ni kichaa cha mbwa," daktari alisema. "Sitawaficha. Mkono wa baba na mikono ya mtoto ioshwe sasa hivi, na kabla ya jua kutua wawe hospitalini." Alitupeleka mwenyewe kwenye tangi, akafungulia bomba na kutusugua kwa sabuni, akatusugua tena na tena mpaka ngozi ikawaka. Tulikuwa bado tunasuguliwa mlio wa bunduki ya meneja ulipotoka upande wa banda. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuthubutu kumtazama usoni, nilitazama povu likitiririka kutoka kwenye mikono yetu na kuingia mchangani.

Lori la maziwa lilitupeleka hospitali mjini. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio ulioniogopesha. Alifungua friji, akahesabu, akafunga. Alieleza kwamba sindano ni za tumboni, moja kila siku, na kwamba dawa iliyobaki ingemtosha mtu mmoja tu mpaka nyingine ije kutoka Nairobi. Ingekuja lini hakujua.

"Aanze mtoto," baba alisema.

"Mzee, wewe ndiye uliyeingiza mkono wote. Na umekwaruzwa."

"Nimesikia, sista. Aanze mtoto."

Nililala chali, baba akanishika kichwa kama nilivyomshika Sajini. Sindano iliingia karibu na kitovu, na dawa ilichoma kana kwamba mtu ameniwekea kaa la moto chini ya ngozi. Nililia. Nikiwa mkubwa nimeulizwa mara nyingi kama ilikuwa chungu sana, na husema ndiyo. Lakini maumivu yalipita. Ambacho hakikupita ni kuliona friji lile likifungwa, na baba yangu akirudi kukaa kwenye benchi bila kudungwa.

Kila alfajiri tulipanda lori la maziwa, mimi kudungwa, yeye kuuliza. Kila alfajiri muuguzi alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Nyumbani hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, lakini wote tulikuwa tumesikia habari zake: kwamba mtu aliyeumwa huanza kwa homa na kuwashwa mahali pa jeraha, kisha hukataa maji, na akishayakataa hakuna wa kumrudisha. Kwa hiyo tulitazamana tukinywa. Mama alimwekea baba kikombe cha maji mezani kabla ya uji, akajifanya anachochea moto. Baba alikinywa chote kwa sauti, akakigeuza juu chini na kusema, "Mmeona?" Tulicheka, na kicheko chetu kilikuwa kifupi. Nami nilikunywa changu, nikihofu kila funda lingekwama. Nilipowashwa na mbu mkononi, nilikimbilia ndoo kujaribu kama bado naweza kunywa.

Jioni moja nilikuwa nikikusanya kuni nyuma ya nyumba niliposikia baba akizungumza na mama jikoni. "Stoo ya tandiko ina mlango mzito," alisema. "Ukiona nakataa maji, niambie niingie humo nikiwa bado nakusikia. Funga kufuli. Uwachukue watoto uende kwa mama yako, na usirudi hata nikikuita kwa jina."

"Baba Mwende, usiseme hivyo."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema umenisikia."

Nilisikia mama akiweka sufuria chini. Kisha akasema, "Nimekusikia." Nilibaki nimeshika kuni zangu, siwezi kuingia wala kuondoka. Tangu siku hiyo nilijua ufunguo uko wapi: mama aliufunga kwenye pindo la leso yake, na kila alipoinama kutia maji sufuriani niliuona ukining'inia.

Dawa ilifika asubuhi yenye ukungu. Muuguzi alikuwa ametoka nje kutungoja barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na baba alipomwona amesimama pale aliniminya mkono kwa nguvu, nikadhani kuna habari mbaya. "Imekuja, mzee," alisema, akatuingiza ndani hadi kitandani. "Panda ulale." Baba alivua shati. Nilimshika kichwa. Hakulia, ila jasho lilimtoka kama la mtu aliyepanda kilima, na baada ya sindano alikaa ukingoni mwa kitanda akitazama sakafu, akasema kwa Kikamba maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Nadhani alikuwa akimshukuru Mungu. Huenda alikuwa akimuaga Sajini, kwa maana hakuwa amemtaja tangu ile siku ya bunduki.

Hofu haikukoma pale. Tuliambiwa ugonjwa huo huweza kujificha kwa miezi, kwa hiyo tuliendelea kunywa maji tukitazamana mpaka mvua za Novemba zikaja, mahindi yakaota, na kazi ya palizi ikatunyima nafasi ya kuogopa. Siku moja niligundua kwamba mama hakuwa na ufunguo kwenye leso. Baba alihamishiwa kwenye josho la ng'ombe, na hakupanda farasi tena maishani mwake. Aliishi mpaka akaona wajukuu, akafa akiwa mzee, kwa moyo, kitandani pake.

Siku hizi ninaishi mjini Wote. Ranchi ile ilikatwa vipande vya shamba, na palipokuwa na banda pana nyumba ya ghorofa. Sindano za kichaa cha mbwa hudungwa begani, nazo si nyingi kama zile za tumboni, na barabara ni ya lami. Watu husema mambo yamekuwa rahisi, na ni kweli. Lakini mwaka jana, baada ya ibada, mama mmoja kijana alinisimulia, kama anayesimulia kichekesho, kwamba mbwa mgeni alimng'ata mwanawe kifundoni siku mbili zilizopita, wakampaka chumvi na pilipili, na sasa anacheza. Mtoto alikuwa pale pale akirusha mawe. "Chukua mtoto," nilimwambia. "Twende sasa hivi." Alisema chakula cha wageni kiko jikoni. Nilimwambia kiungue.

Mtoto alipokwisha kudungwa, tulikaa naye kwenye benchi la hospitali, na yule mama akanigeukia. Aliniuliza kwa nini niliogopa vile, kwa nini mimi na si yeye mwenye mtoto. Nilimweleza kwa ufupi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Farasi?" alisema. "Huku kwetu?"

"Ndiyo," nilimjibu. "Huku kwetu. Na nilimpenda sana."