Fungua Kidole, Mechi Imeanza

Kasereka aliing'oa freni ya chukudu yake asubuhi moja ya jua kali, mbele yetu sote, huku anacheka, na mimi hadi leo nikikaa kimya naisikia ile misumari ikitoka kwenye mbao. Mwanangu, kaa kidogo. Najua una haraka, nyinyi vijana wa Goma mna haraka hata ya kwenda kulala. Kaa.

Chukudu unaijua, hizi baiskeli za mbao zisizo na pedali, zinapita mbele ya nyumba kila siku na mizigo yake. Goti moja unaliweka juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa pale katikati, mguu mwingine unasukuma. Nyuma kuna kipande cha mpira wa gari. Ukikikanyaga kinabana gurudumu, unasimama. Ndiyo freni, hakuna nyingine. Siku hizo tulikuwa vijana wanne tunashusha viazi kutoka milima ya Masisi, na mkubwa wetu alikuwa muzee Bauma, mutu asiyecheka bure, aliyetuchongea chukudu zote kwa mikono yake. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, huyo ndiye alinifundisha mengine yote. Hata hilo la tatu sikulimaliza, lakini hiyo ni habari ya ng'ombe wa baba yangu, tuiache.

Kasereka alisema anaing'oa ili mwili wake ujifunze barabara. "Nikizoea bila freni," alisema, "siku nikiirudisha nani atanifikia?"

Muzee Bauma akafikiri, akakubali. "Ukiwa mutupu, sawa. Ukiwa na mzigo, unairudisha."

Na kweli, sisemi uongo, yule kijana alijua. Alijifunza kuusoma mteremko toka mbali, kuinamisha mwili, kuburuza kisigino kabla ya kona. Tukawa tunakula vumbi lake. Watoto wa barabarani wakampa jina, Bila-Freni, wakawa wanalipiga kelele akipita. Mambo yaliharibika hapo, kwenye jina. Lakini nitarudi kwake, kwanza nimalize hasira yangu ya juzi.

Hasira yenyewe inaitwa Bahati, mutoto wa binti yangu. Amemaliza masomo, diplome iko ukutani, kazi hakuna. Sasa pale Katindo kuna nyumba ambapo vijana wanacheza mpira ndani ya televisheni, kila mmoja ameshika maneti yake, kile kidude cha vifungo, anabofya kwa vidole kama mutu anayetoa maharage kwenye ganda. Mwenye nyumba ile, Papa Dido, anamfuata mke wake Butembo, akatangaza hivi: siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa, vijana washindane. Atakayeshinda ndiye atapewa funguo, atakaa pale kama msimamizi, atakula kwa kazi hiyo. Mtaa mzima ulijua nani anacheza vizuri kuliko wote. Ni Bahati. Mama yake alishaanza kushukuru Mungu.

Mutu mwenye akili angefanya nini? Angecheza. Huyu wangu nikamkuta sebuleni, ameazima mashine ya rafiki yake, kidole gumba cha kulia amekibandika kwenye kiganja kwa skochi, ule utepe wa gundi, na nusu ya kioo cha televisheni ameifunika kwa karatoni ya biskuti.

"We Bahati, kidole kimeumia?"

"Hapana, tate." Tate ndivyo wajukuu wananiita. "Niko najifunga makusudi. Nikizoea hivi, siku ya kufungua nani atanikamata?"

"Na karatoni?"

"Inanifundisha kujua wachezaji wangu wako wapi bila kuwaona."

"Na hii timu inayopigwa kila wakati?"

"Ni dhaifu. Makusudi pia."

"Na kukataa kwenda kuchota maji tangu asubuhi?"

"Hiyo si makusudi, tate. Hiyo ni uvivu."

Nilicheka, nakubali. Nikakaa kutazama, maana mutu mzima akikosa kazi anatazama chochote. Na nikaona jambo: alipofungua kile kidole kujaribu, alicheza kama maji. Nikamwambia vizuri, endelea, ila yenga uende na vidole vyako vyote. Akasema ndiyo, tate.

Basi vijana wa mtaa wakaanza kuja. Kwanza wawili dirishani, halafu uani pakajaa, wote wanataka kumuona kijana wa skochi. Akishinda, wanambeba. Akishindwa, wanapiga makofi vilevile: "Na kidole kimefungwa, jamani!" Mutu anayepigiwa makofi akishindwa, mwanangu, huyo yuko kwenye mteremko.

Yenga ikafika. Nilienda na koti langu la misa. Bahati akawatoa wote, wa mwisho akabaki Espérance, binti wa Keshero anayeuza sabuni na mama yake, mutu wa maneno machache. Papa Dido akaweka funguo juu ya televisheni, kila mutu azione. Na huyu mutoto wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa skochi, akajifunga kidole! Nyumba nzima ikapiga mayowe ya furaha.

Nikasimama. "Bahati! Fungua!"

"Tate, kaa, tafadhali."

"Muzee, shuka chini," kijana mmoja akalia nyuma yangu, "umetufunika kama mlima Nyiragongo!"

Papa Dido mwenyewe akamwambia, "Sikiliza, mimi natoa kazi hapa."

"Usiogope, papa. Nitampiga hivi hivi."

Espérance akamtazama kidole, akatazama funguo. "Mimi natumia vyangu vyote," akasema. "Sitaomba pardon."

Akampiga matatu kwa moja. Akachukua funguo, akamshukuru Papa Dido, akaenda kumpa mama yake pole ya kungoja.

Njiani, juu ya yale mawe ya volkano yanayokula viatu, nilingoja mjukuu wangu aseme neno moja la utu uzima. Akasema, "Kidole kingekuwa huru, ningemshinda." Akamwambia na jirani. Akamwambia na mama yake aliyekuwa analia. Nilitamani kumtupia kiatu, ila nina jozi moja ya misa.

Sasa nasema wazi, na sitarudia, nimechoka. Kujifunga si kosa. Jifunge ukijifunza, funika jicho, beba mawe, chagua timu mbovu, itakukomaza. Lakini siku ya kweli, fungua vyote. Maana kile kifungo kina utamu wake: ukishindwa, kimeshindwa kidole, wewe umebaki mzima. Ukishaonja utamu huo hutataka tena kujua una nguvu kiasi gani. Cheza na vyote, na ukipigwa sema nimepigwa, mpe mwenzako mkono, na kesho yake urudi palepale. Espérance ametuma mutu, anataka Bahati amsaidie kufundisha wanaoanza. Bahati anasema watamcheka, amejifungia chumbani. Mwanangu, wacha wacheke, wakichoka wataondoka! Mungu akupe mikono iliyo wazi siku ya kuitwa, akupe na mdomo wa kusema nimeshindwa, na miguu ya kurudi.

Nilisema nitarudi kwa Kasereka. Siku ya soko tulipakia viazi vya mama mmoja mjane, chukudu ikajaa hadi kifuani, na Bila-Freni akakataa kupigilia freni, kwa sababu barabara nzima ilikuwa inamngoja apite. Kwenye mteremko wa Sake akaingia mtaroni. Yeye hakuvunjika, viazi vilifika hadi kwa mbuzi wa watu. Akainuka anasema, "Ningekuwa na freni..." Muzee Bauma aliokota viazi kwanza, vyote. Kisha akamuuliza freni iko wapi. Kasereka akaitoa kwenye mfuko wake mwenyewe. Muzee hakumtukana. Alimpa nyundo. "Pigilia. Kesho tunapanda tena."

Kasereka akaitazama nyundo, akatutazama sisi. Akailaza juu ya jiwe, polepole, akachukua koti lake, akashika njia. Tulimwekea chakula jioni ile. Chukudu ya Kasereka, muzee Bauma aliitengeneza, akairudishia freni, akaiegemeza ukutani upande wa barabara, apate kuiona akipita.

Hakupita.