Jengo la Vioo Nyeri lilipobomolewa, marehemu bwanangu akawa tajiri

Wakuu, hamjambo. Mimi ni cucu, bibi mzee wa Mweiga, shule niliachia darasa la pili, kwa hivyo mnivumilie. Lakini haya niliyaona mwenyewe, sikuambiwa.

Jengo la Vioo pale Nyeri town lilijengwa baada tu ya Uhuru. Ghorofa tatu, zote ofisi. Watu walitoka hadi Doldol kuja kujiangalia kwa madirisha.

Wazee walisema hapo ni kinamasi. Injinia akacheka. Mimi nilifagia hapo tangu lifunguliwe, na kila mwaka vumbi ya nyufa iliongezeka.

Mwisho wakasema libomolewe, haraka. Faili za ofisi ya mashamba iliyokuwa humo zikatiwa kwa magunia ya viazi, zikahamishwa.

Hapo ndipo shida yangu. Bwanangu, Wachira wa Ndirangu, alikuwa amekufa kabla title deed ya shamba letu kutoka. Bila hiyo, shemeji zangu walikuwa tayari kunifukuza na watoto.

Nikaenda ofisi mpya. Karani alikuwa mgeni, mtu wa Pwani. Akanionyesha gunia moja, uso ameukunja.

"Mama, huyu Wachira wako ni mnyakuzi. Ana mashamba kumi na moja! Nimemfungia faili, achunguzwe."

Maskini bwanangu. Alikufa na pea moja ya viatu.

Nikamwambia, "Baba, huyo si mtu mmoja. Huku kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu. Mzee Wachira alioa wake watatu, akapata vijana kumi na mmoja. Kila mmoja akazaa Wachira wake."

Akawa anasoma jina la baba kwa kila faili, mimi namalizia ukoo. Wa Gathogo, yule wa Kiganjo mwenye pengo. Wa Muriithi, aliyeoa kwa kina Nyaguthii. Mpaka tukafika wangu.

"Mama, haya yote umeyajuaje?"

"Walipiga foleni kwa ngazi zangu miaka mingi. Ati nifagie nikiwa nimeziba masikio?"

Akacheka, akashika kalamu. "Haya, shamba tuandike jina la kijana wako wa kwanza. Anaitwa nani?"

"Ndirangu."

Akaweka kalamu chini polepole. "Mama... na hao wako wangapi?"

Nikavuta kiti nikakaa. Shemeji peke yao ni sita, kila mmoja na Ndirangu wake. Title ilitoka saa kumi jioni, na shamba niko nalo hadi leo.

Nilichojifunza: ukijenga ofisi, uliza wazee habari ya udongo. Ukiihamisha, uliza mfagiaji habari ya watu.

Kama baba yako ni Wachira, andika hapa chini ni wa nani. Nitakuambia kama alikuwa kwa lile gunia.