Siku Waliyozima Grupe

Kwa miaka saba nimekuwa zamu, yaani mlinzi, wa antene ya simu iliyo juu ya kilima kinachotazama kijiji chetu, kwenye uwanda wa Ruzizi, mbele kidogo ya Kiringye. Lakini sikujiona mlinzi tu. Nilikuwa mwenye grupe, ile jenereta iliyoipa antene umeme, na nilijivunia kuliko inavyofaa. Nilijua imeishiwa mazuti, dizeli yake, kabla kipimo hakijasema. Ilikuwa na kelele mbaya na moshi mweusi, na harufu yake mke wangu aliikuta hata kwenye mto wa kulalia. Hata hivyo ilinipa watu. Kijijini hakuna umeme, kwa hiyo kila mwenye simu alipanda kwangu kuchaji. Walikaa kwenye mawe, tukapiga domo, tukipaza sauti ili tusikizane.

Kelele hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Huku kwetu watu wenye bunduki hutokea bila kubisha hodi, na kutoka kilimani mimi naziona njia zote. Tulipatana, kijiji na mimi: grupe ikizimika mchana, msiulize, tokeni. Mara moja nilizima kweli. Watu waliingia katika mashamba ya miwa, wakalala humo, na asubuhi wakakuta nyumba zimepekuliwa lakini wao ni wazima wote. Mke wangu alikimbia na mtoto mdogo mgongoni, mkubwa akimshika mkono. Tangu siku hiyo kijiji kilisikiliza grupe yangu kuliko kilivyosikiliza redio.

Bila shaka mashine hubadilishwa oili, na haibadilishwi ikiwa inazunguka. Ndiyo maana Jumapili, baada ya sala, katekista alisoma matangazo yetu yote pamoja: vijana fulani wanataka kufunga ndoa, akina mama wa upande wa mto watafagia kapela, na Alhamisi saa nne grupe itanyamaza, msikimbie. Wageni walicheka waliposikia. Sisi hatukucheka.

Kisha kampuni ikaamua kuachana na mazuti. Barabara iliwachosha, mapipa yalifika nusu au hayakufika kabisa, na jua la uwanda huu halidai kusafirishwa na mtu. Zingeletwa plake za jua, yaani paneli, na betri kubwa. Niliijua siku yenyewe majuma mawili kabla. Jumapili iliyotangulia sikushuka kusali. Nilibaki kufyeka majani kuzunguka uzio na kupaka mawe chokaa, ili mainjenia wa kutoka Uvira wakute mahali pa mtu mwenye akili. Tangazo sikulipeleka. Nimejaribu kutafuta neno jingine la kusema, sina. Nilisahau.

Walifika asubuhi, na saa tano wakazima grupe. Ili waunganishe betri, ilibidi na mtandao ukatike kwa muda. Fikiria mtu aliye chini: ni mchana, grupe kimya, na simu haishiki. Mimi nilikuwa nikisaidia kubeba betri, mgongo nimeupa uwanda. Fundi mmoja aliyekuwa juu ya ngazi ndiye aliyeona.

"Papa," akaniita, "kule chini kuko nini? Bale bantu bote beko nakwenda wapi?"

Nikageuka. Njia ya kwenda barabara kubwa ilikuwa imejaa magodoro vichwani, mbuzi, watoto. Wengine walikuwa wanazama katika miwa. Nilikimbilia grupe niiwashe, nikakuta nyaya zake zimekwisha kukatwa. Nikapiga kelele mpaka koo likauma, lakini kilima ni kirefu na sauti ya mtu mmoja haifiki. Nikashuka mbio. Nilipofika hapakuwa na mtu. Mlango wangu ulikuwa wazi, na maharagwe yalikuwa yanaungua mekoni. Nikaitoa sufuria motoni, nikabaki nimeishika, kwa kuwa sikujua niiweke wapi wala nianzie wapi.

Mtandao ulirudi saa kumi, nami nimekwisha kupanda tena kilimani. Nikampigia mke wangu, na simu yake ikalia nyuma yangu, juu ya meza ya kibanda changu. Asubuhi alikuwa amenituma niichaji.

Kesho yake watu walitoka katika miwa, wakanitukana mmoja baada ya mwingine, na nilistahili. Kufikia Jumapili walikuwa wamekwisha kunigeuza kichekesho. Lakini kesho yake ile mke wangu na watoto hawakurudi pamoja nao. Jirani alisema aliwaona wakipanda pikipiki kuelekea Uvira. Nikampigia dada yake mkubwa, anayekaa Nyamianda, mtaa wa Uvira. Aliposikia sauti yangu alipiga ukelele, akaiangusha simu. Mkeka wa kilio changu ulikuwa umekwisha kutandikwa. Mke wangu alikuwa amekaa juu yake tangu jana, na watu wa mtaa walikuwa wakiingia kumpa pole. Yeye alijua jambo moja tu: mume wake hazimi mpaka awe amewaona watu wenye bunduki, na safari hii hata mtandao ulikatika; basi wamemwua. Walipompa simu nikamwita, naye akamrudishia dada yake.

Nilidhani atarudi baada ya juma moja. Juma likawa mwezi.

Kazi sikufukuzwa, na siku nyingine naona bora wangenifukuza. Sasa nafuta vumbi kwenye plake kwa kitambaa, asubuhi na jioni, basi. Kabati la betri lina kufuli, ufunguo uko kwa injenia mjini, na hakuna tundu hata moja la kuchomeka simu ya jirani. Watu wanachaji kwa kijana mwenye plake ndogo karibu na soko. Hakuna anayepanda tena. Antene inapitisha maneno ya watu wote wa uwanda, mapenzi yao na ugomvi wao, na mimi chini yake nasikia waya wa uzio na tumbo langu. Nimejikuta naongea peke yangu, tena najijibu kwa hasira. Nina upweke. Nauandika hivyo hivyo, kwa kuwa sina wa kumwambia.

Nilipopewa siku ya kupumzika nikaenda Nyamianda kumrudisha. Nilibeba mchele wa shamba letu na kuku mmoja. Watoto walikuwa shuleni, dada yake sokoni. Alinipokea kuku, akaniambia karibu.

"Nimekuya kubachukua," nikamwambia. "Grupe haiko tena. Hakuna kitu itabakimbiza tena bila sababu."

Alifunga miguu ya kuku kwanza, polepole. Kisha akauliza: "Ile saa banaizima, weye ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kutaja betri, maana kweli nilizibeba, baadaye. Lakini ameishi nami miaka kumi na mbili, na uongo wangu anaujua kabla sijaumaliza.

"Nilikuwa napiga mikono," nikasema, nikimwonyesha kwa viganja. "Na bale bageni. Tulikuwa tunafurahi ile kelele inaisha."

Aliinamisha kichwa. Nilingoja anifokee. Hasira yake naijua, tumeshakosana na kupatana mara nyingi, na siku ile niliitamani sana.

"Minye nilikulilia, baba ya batoto," akasema. "Nilikulilia nikamaliza. Sasa roho yangu haijui tena kukungoja."

Akaingia jikoni. Nyumbani tulikuwa tunakula sahani moja, sisi wanne, na mdogo alikuwa akiiba nyama upande wangu. Aliporudi, alikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akatandika kitambaa juu ya meza ndogo, akanisogezea kiti chenye mto, akanimwagia maji ya kunawa na kunipa taulo safi. Yeye akaenda kukaa mlangoni, mikono mapajani.

"Utarudia kwako saa ngapi?" akaniuliza kwa upole.

Nikamjibu saa nane, nikala kidogo, nikabakiza, kama mgeni mwenye adabu.